Barua ya wazi kwa wanafunzi wa fasihi: mkishaitaja tamathali, kazi bado

Wanangu na wajukuu zangu wa kidato cha nne na cha sita, nanyi wenzetu wa upande wa Kenya,

Salamu nyingi. Nimefundisha fasihi miaka 32. Nimestaafu, lakini wajukuu bado wananiletea madaftari jioni niwatazamie. Mwezi uliopita mmoja alinipa insha yake. Ameandika: "Mshairi ametumia tashibiha, sitiari, tashihisi, takriri na mubalagha." Akaweka nukta, akahamia swali jingine. Nikamuuliza, "Hiyo sitiari imefanya kazi gani humo?" Akanitazama tu. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Niliumia, maana kosa ni letu walimu: tuliwapa orodha ya majina ya tamathali, yaani mbinu za usemi, mkaikariri kama mlivyokariri majina ya mito na milima.

Wanangu, kuitambua randa si kupiga randa. Mtahini anajua tashibiha ni nini. Anataka kuona kama wewe umeusikia ubeti.

Chukueni kauli ambayo mmeisikia nyumbani: dunia tambara bovu. Hiyo ni sitiari. Ukiongeza "kama", ukasema dunia ni kama tambara bovu, umepata tashibiha. Madesa mengi yanaishia hapo. Sasa zisemeni zote mbili kwa sauti. Yenye "kama" inakuachia nafasi ya kupumua: dunia iko huku, tambara liko kule, vinafanana tu. Ile nyingine haikuachii. Dunia yenyewe imechakaa mikononi mwako, ukiivuta inachanika. Mtu aliyetoka kuzika hatafuti "kama". Ukiandika hivyo kwenye karatasi yako, umeanza kuchambua.

Niwapeleke Pate, kisiwa cha karibu na Lamu, maana huko ndiko nilikojifunza mimi mwenyewe. Katika shairi la Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anausimulia mji uliokuwa tajiri ukaanguka. Angeweza kusema matajiri wamekufa, akamaliza. Badala yake anatuingiza majumbani mwao, anatuonyesha madaka, yale matundu ya ukutani ya kupangia sahani. Sasa yamelaliwa na makinda ya ndege. Nimeusoma ubeti huo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na bado unanisimamisha. Mwanafunzi wa haraka ataandika "hapa kuna taswira". Kweli ipo, lakini kaa nayo kidogo. Daka lilijengwa kubeba kitu cha thamani kinachovunjika upesi. Bado linabeba kitu laini, ila mwenye nyumba hayupo. Makinda hayana kosa lolote, hayajui hapo palikuwa pa nani. Ndiyo maana inauma: nyumba haikubomolewa na adui mbele ya macho yetu, imewasahau wenyewe tu. Kisha kumbukeni kwamba maneno hayo mshairi anauambia moyo wake. Ameupa moyo masikio, hiyo ni tashihisi, na faida yake ni kwamba wewe msomaji hukaripiwi. Unasikiliza mtu akijikanya, mpaka unajikuta umekanywa.

Jazanda nayo, yaani picha ya kitu kimoja inayosimamia jambo jingine, msiichukulie kuwa pambo. Mshairi Abdilatif Abdalla alifungwa Kenya mwaka 1969 kwa maandishi ya kuuliza nchi inakwenda wapi. Alitoka 1972, na mashairi aliyoyatunga gerezani yakachapishwa mwaka uliofuata kwa jina la Sauti ya Dhiki. Humo mna shairi la ndugu wawili wanaogombea mnazi. Mtu aliyefungwa kwa kusema waziwazi anapouzungumzia mnazi, jiulizeni mnazi huo ni nini, nani aliupanda, nani anakula nazi zake. Ila msikimbilie kuandika "mnazi ni nchi" mkaishia hapo. Mti wa urithi unagombewa na ndugu, watu wa damu moja, na mgeni asingeugombea kwa uchungu ule. Maana hiyo imebebwa na mnazi, neno "nchi" peke yake lisingeibeba.

Kuhusu majina yenyewe, msigombane. Wa Kenya wataandika istiara na chuku pale wa Tanzania wanapoandika sitiari na mubalagha (kutia chumvi). Fuata muhtasari wa mtihani wako. Mahali pa kuwa macho ni kejeli na kinaya, nimeona vikichanganywa hata na walimu. Kejeli ina mtu inayemchoma. Kinaya ni pengo kati ya linalosemwa au linalotarajiwa na lililopo, na huenda asiwepo wa kuchomwa.

Na mizani, yaani idadi ya silabi katika mstari, jamani! Ihesabuni kwa vidole na mdomo, jicho peke yake halitoshi. "Sikia mwanangu wewe": si-ki-a-mwa-na-ngu-we-we, nane. Ubeti wa utenzi una mishororo, yaani mistari, 4 ya namna hiyo. Mitatu ya kwanza inashirikiana kina, yaani inaishia kwa silabi moja, wa nne unachukua kina cha bahari kinachorudi ubeti baada ya ubeti. Mshairi Mwana Kupona alipomtungia binti yake wosia mwaka 1858, alikuwa na sikio la binti akilini. Kina kile kinamwambia msikilizaji: hapa pumua, jambo moja limekwisha. Mkiandika kuwa vina "vinaleta urembo" tu, mmemdhulumu mama yule. Wale wanaotunga mashairi huru wameacha vina, hawakuacha sikio, kwa hiyo tazameni wanapokata mstari na neno gani wameliacha peke yake.

Nawaombeni jambo moja wiki hii. Chagueni ubeti mmoja kutoka diwani mnayoisoma darasani. Usomeni kwa sauti mara tatu kabla ya kugusa kalamu. Kisha liondoeni neno moja lililowashika, wekeni la kawaida mahali pake, msome tena. Andikeni kilichopotea. Jina la tamathali liwe la mwisho kuandikwa. Mjukuu wangu ameshaanza. Jana alileta nusu ukurasa juu ya neno moja, tukakaa barazani tukilijadili mpaka adhana ya isha.

Ni mimi babu yenu,
mwalimu mstaafu