Kihispania: saa za ratiba, kabla ya kipindi cha Alhamisi

Habari za jioni wapendwa. Nimesikiliza sauti zenu zote za jana. Matamshi safi, ila wengi mmeanguka palepale nilipoanguka mimi nilipoanza: saa yetu.

Mtu kasema "La clase empieza a las dos" akimaanisha darasa linaanza saa mbili asubuhi. Mhispania ataelewa saa nane mchana, na hapo darasa limeshakwisha zamani! Saa mbili asubuhi ni "a las ocho de la mañana". Angalieni mshale mfupi wa saa ya ukutani, someni namba unayoionyesha. Msitafsiri kichwani.

Pili, "son las ocho" ni kujibu saa ngapi sasa hivi. Jambo la ratiba linataka "a": "Desayuno a las siete", napata kifungua kinywa saa moja asubuhi. Saa saba peke yake, ya mchana au ya usiku, ni "a la una", umoja, si "a las una".

Dakika zisiwatishe. "Y media" ni na nusu, "y cuarto" na robo. Na kasorobo yetu wanayo: saa tisa kasorobo alasiri ni "a las tres menos cuarto". (Sehemu nyingi za Amerika ya Kilatini mtasikia zaidi "un cuarto para las tres".)

Kazi: kila mmoja arekodi mambo manne ya siku yake, kuanzia "Me levanto a las…", yaani naamka saa… Mwisho kesho saa tatu usiku. Yaani, a las nueve de la noche.