Saa ya lanchi ndo saa ya vipepeo

Mhariri, niwekee na mimi kakipande kwenye ukurasa wa barua. Siasa zipo kila siku, leo nataka niongelee vipepeo.

Niko Uingereza kikazi, ofisini kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, na kila nikisema napenda kuangalia vipepeo naambiwa hiyo ni hobi ya wastaafu, we mwenye kazi muda utautoa wapi. Hata mi niliamini hivyo. Mwaka juzi majira ya kuchipua yalipoanza nikawa najihimu kabla ya kazi, saa kumi na mbili niko vichakani na baridi yangu, naambulia ndege tu na viatu vilivyolowa umande. Jioni nayo patupu. Kumbe mjinga ni mimi, kipepeo inabidi ajianike kwanza, atandaze mabawa juani mpaka misuli ipate moto ndo aruke, sasa alfajiri yote hiyo unamtafuta wa nini na yeye bado kaganda.

Walionifumbua macho ni hawa wanaohesabu vipepeo kitaalamu huku, kazi wameianza tangu 1976. Wanapita njia ile ile kila wiki kuanzia mwezi wa nne mpaka wa tisa, na wanahesabu kati ya saa tano kasorobo asubuhi na saa kumi kasorobo alasiri tu, joto lisipungue nyuzi 13 na jua liwepo, likizidi 17 hata kukiwa na mawingu poa. Hebu yasome hayo masaa tena. Lanchi iko katikati kabisa!

Toka hapo chakula naila natembea. Nusu saa inatosha sana, na ukweli kutembea kwenyewe si muhimu kama kusimama, tafuta pembe yenye jua isiyo na upepo, tulia, na angalia kivuli chako kisimwangukie maana akiguswa na kivuli tu kaondoka. Wa kwanza kutokea ni yule wa njano kama limau, amelala baridi yote ndani ya majani yasiyopukutika, akikunja mabawa huwezi kumtofautisha na jani. Halafu kuna mweupe mwenye ncha za rangi ya chungwa, huyo ndo kipenzi changu, ila ncha hizo ni za dume tu, jike hana, nimempita jike mwaka mzima nikidhani ni vile vyeupe vya kwenye kabichi. Jike anataga yai moja moja kwa kila shina la ua, kwa sababu viwavi wake wakikutana wanalana wenyewe kwa wenyewe. Ndugu hao!

Sasa malalamiko yangu. Nyuma ya jengo letu kuna majani yale yanayowasha, na mwezi wa tano yalikuwa yamejaa viwavi weusi wamejisokotea utando, watoto wa yule kipepeo mwenye madoa kama macho ya mkia wa tausi. Nikawa nawapitia kila lanchi. Siku moja nafika mashine imeshapita, pameparazwa kama kichwa cha mtoto. Aliyefyeka simlaumu, katumwa, ila hao wanaotuma wangekata nusu moja mwezi huu na nusu nyingine baadaye, gharama ni ile ile na hakuna atakayeona tofauti zaidi ya vipepeo.

Na msiseme haya ni mambo ya Ulaya tu. Yuko mmoja, wataalamu wanamwita Vanessa cardui, rangi ya chungwa iliyofifia na ncha nyeusi zenye madoa meupe, huyu anakuja huku akitokea kusini, kizazi kwa kizazi, na vuli wajukuu zake wanarudi kwa kupita juu sana, zaidi ya mita 500, mpaka wanavuka Sahara. Afrika Mashariki yupo pia. Wa kwanza niliyemuona mwaka huu alikuwa amechakaa, bawa moja limeliwa pembeni, katua kwenye ua kando ya maegesho ya magari, na mi nikachelewa mkutano wa saa nane kwa dakika nne.

Msomaji wenu, Uingereza