Kuchaji bajaji bila waya: kwa nini bado hatuuzi

"Fundi, ile ya kuchaji bila kuchomeka mtaleta lini?" Hapa gereji kwetu Chikongola, Mtwara, swali hili hatumalizi wiki bila kulisikia, hasa kwa madereva wa bajaji za umeme wanaokwenda Mikindani na kurudi. Wameona video kwenye simu: gari linaegeshwa juu ya bamba, hakuna anayeshika waya, betri inajaa. Na mara nyingi anayeuliza ameshika plagi iliyoyeyuka.

Hiyo plagi ndiyo inayowatia hasara, kwa hiyo tuanzie hapo. Upepo wa bahari yetu unabeba chumvi. Chumvi ikikutana na unyevu kwenye pini za shaba, inaota ukoko wa kijani. Umeme ukifika kwenye ukoko ule unapita kwa shida, na unapopita kwa shida unazaa joto. Bajaji inachajiwa usiku kucha. Kufika alfajiri plastiki imelainika na pini imelegea. Pini ikishalegea, joto la usiku unaofuata linakuwa kubwa zaidi. Lawama inaangukia chaja. Mteja ananunua mpya, anaichomeka kwenye soketi ileile, nayo plagi yake inaungua. Kuna baba mmoja alitupa chaja mbili nzima kabla hajatuletea soketi tuiangalie. Inauma, kwa sababu hiyo ni pesa ya watoto.

Kuchaji bila waya kungemwondolea shida hiyo kabisa, kwa kuwa hakuna pini ya kuota kutu. Ukitaka kuelewa kunavyofanya kazi, tazama transfoma juu ya nguzo ya TANESCO. Ndani mna koili, yaani nyaya zilizozungushwa mara nyingi kwenye chuma, na waya wa koili ya umeme mkubwa haugusani na ule wa umeme unaokuja nyumbani. Umeme wa koili ya kwanza unageuka-geuka, unaumba sumaku inayogeuka nayo, na sumaku hiyo inaamsha umeme kwenye koili ya pili. Michael Faraday alilionyesha jambo hili mwaka 1831.

Kwenye gari, koili moja inalazwa sakafuni na nyingine inafungwa chini ya gari. Katikati hakuna chuma tena, ni hewa tupu, sentimita 10 hadi 25, na sumaku nyingi ingepotelea pembeni. Mafundi wakaongeza kasi ya kugeuka: umeme wa ukutani unajirudia mara 50 kwa sekunde, wao wakaupandisha hadi mara 85,000 hivi. Kisha wakazilinganisha koili zote mbili kwa kapasita, vifaa vinavyotunza umeme kwa muda mfupi sana na kuuachia, ili ziitikiane. Ni kama kumsukuma mtoto kwenye bembea: ukifuata mwendo wake, nguvu kidogo tu inampaisha.

Hii si ndoto. Mji wa Gumi, Korea Kusini, ulianza mwaka 2013 kuendesha mabasi yanayovuta umeme kutoka kwenye koili zilizofukiwa barabarani. Kwa magari madogo, kanuni za kiufundi za kutengeneza mifumo hii, zinazoitwa SAE J2954, zilitolewa mwaka 2020, kwa nguvu ya kuchaji inayofika kilowati 11. Gari likiegeshwa sawasawa, zaidi ya asilimia 90 ya umeme inaingia kwenye betri. Likikaa upande, upotevu unaongezeka au mfumo unakataa kuchaji. Sarafu au msumari ukibaki juu ya bamba unaweza kupata moto mkali, ndiyo maana mifumo mizuri ina vihisio vya kukata umeme.

Sasa, kwa nini hatuuzi? Mabamba hayo yametengenezwa kwa magari ambayo betri zake nyingi ni za volti 400 hivi. Bajaji zinazoingia hapa gereji ni za volti 48, 60 au 72. Hatutamfungia mteja kitu ambacho hakikutengenezwa kwa betri yake. Na wale wanaotuuliza kama bamba la kuchajia simu linaweza kusaidia, tupige hesabu pamoja: linatoa wati 15 hivi. Betri ya uniti 5 ingekaa juu yake saa 333, karibu siku 14 usiku na mchana, hata kama hakuna kinachopotea njiani.

Kwa leo tunachofanya ni kufungua soketi, kusafisha pini, kukaza nyaya, na kubadilisha pini iliyolegea badala ya kuibana kwa koleo. Nyumbani, zima swichi ya ukutani kabla hujachomoa, shika plagi yenyewe wala usivute waya, na ukiosha bajaji funika tundu la chaja. Baada ya dakika 20 za kuchaji, iguse plagi kwa nje. Ikiwa na joto la kukufanya uondoe mkono, zima, usiiache imechomekwa kwenye bajaji usiku huo.

Asubuhi njoo nayo, na chaja yake pia. Kuikagua plagi hatutozi. Tunafungua saa mbili, Jumapili tunapumzika.