Kwa mdogo wangu anayeambiwa "ameenda Marekani kusomea walevi"

Mdogo wangu,

Mama mdogo kanitumia voisi ndeeefu WhatsApp, anataka nikwambie ubadilishe topiki ya utafiti wako mapema, eti ukoo mzima ulichanga uende kusomea saikolojia ya hospitali halafu unaleta habari za vijana wa chuo wanaokunywa bia na wanajeshi wasiolala. Sikwambii ubadilishe. Naandika hapa wazi na wa nyumbani wasome, manake nimechoka kueleza mmoja mmoja.

Wanaouliza vijana wa chuo na wanajeshi wastaafu wanahusiana nini, wajue mstaafu wa huko si babu wa Vietnam peke yake. Mtu anaingia jeshini na miaka 18, mkataba unaisha ana 22 hivi, na tangu 2009 serikali inamlipia chuo kwa ile GI Bill mpya, sheria ya kuwasomesha waliotoka jeshini, kwahiyo anakaa darasa moja na watoto waliotoka juzi kwa mama zao, umri haupishani sana na baa ni zile zile ila mmoja kichwani ana vita vya Kandahar, Afghanistan. Na sheria yao ya 1984 ilisukuma majimbo yote umri wa kununua pombe uwe 21, yaani unapewa bunduki unanyimwa bia, haya bana. Wetu pia wamo, si ile programu ya jeshi la Marekani, MAVNI, ilichukua wageni wenye lugha fulani fulani, Kiswahili kikiwemo.

Kilichonishika mimi kwenye fani yako ni mwanasaikolojia Alan Marlatt wa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle. Mwaka 1973 yeye na wenzake waliita walevi wenyewe kabisa pamoja na wanywaji wa kawaida, wakawaambia njooni muonje vinywaji mtupe maoni. Wapo walioambiwa ni vodka na toniki kumbe toniki tupu, wapo walioambiwa toniki tupu kumbe vodka imo. Waliokunywa sana ni walioamini wanakunywa vodka, imo haimo!! Hata hao walevi. Sasa ile kauli ya kwamba mlevi likimgusa tone tu basi, ni mwili hauzuiliki, inabidi ifikiriwe upya, manake hapo aliyekuwa anamimina ni imani ya mtu.

Imani nyingine ni kuhusu wenzako. Watafiti Perkins na Berkowitz walionyesha 1986 kwamba wanafunzi wanadhani wenzao wanaichukulia pombe kirahisi kuliko walivyo kweli. Ndo ikazaliwa ile mbinu ya kumuuliza mtu unakunywa kiasi gani, unadhani wenzio wanakunywa kiasi gani, halafu unamwekea mbele kiasi chenyewe cha kweli unanyamaza, mahubiri hakuna. Mtafiti Eric Pedersen na wenzake wakaipeleka kwa vijana waliotoka jeshini, utafiti ulitoka 2017, waliwapata 784 kupitia Facebook, wengine wakaonyeshwa unywaji halisi wa wenzao na wengine, ili kulinganisha, wakaonyeshwa habari za kucheza magemu. Baada ya mwezi wale wa kwanza walikuwa wamepunguza zaidi. Mwezi ni mwezi, si muujiza, lakini hao ni watu ambao wengi hospitali hawaji ng'o, wanaogopa kuandikwa kwenye faili, wanaogopa kuonekana dhaifu, na wewe umewafuata kwenye simu zao.

Ila usijidanganye kwamba namba zinatosha. PTSD, yaani ule msongo unaobaki kichwani baada ya vita au tukio la kutisha, imeingia kwenye kitabu cha utambuzi cha madaktari wa akili wa Marekani 1980 tu, na mimi nesi wako nakwambia mtu anayekunywa ili alale ukimuuliza pombe peke yake umeuliza nusu. Pombe inamlaza kweli, halafu usiku wa manane inamuamsha na zile ndoto zipo pale pale, kesho anaongeza glasi.

Na mama mdogo mwambie hivi: WHO, Shirika la Afya Duniani, walipotengeneza dodoso la unywaji linaloitwa AUDIT, Kenya ilikuwa moja ya nchi sita lilipofanyiwa kazi, kwahiyo si mambo ya wazungu pekee. Watafiti wa hospitali ya Seattle ya VA, idara ya serikali ya Marekani ya wanajeshi wastaafu, wakatoa humo maswali matatu, 1998: unakunywa mara ngapi, siku ukinywa unakunywa vinywaji vingapi, na ni mara ngapi unafikisha vinywaji sita au zaidi kwa kikao kimoja. Basi. Swali la "kwanini unatuaibisha" halimo, ndo hilo tu sisi tunalolijua, tumemuuliza mjomba miaka nenda rudi na jibu lake mnalijua wote.

Linalonipa wasiwasi mimi ni makaratasi yako. Intanshipu za VA zinataka raia wa Marekani na wewe uko na viza ya mwanafunzi, usije ukajaza mategemeo huko. Omba hospitali za vyuo na kliniki za wanafunzi, wastaafu wako wengi tu kwenye hizo kampasi, na utafiti wa mtindo wa Pedersen hauhitaji ufanye kazi VA. Maombi mengi yanafungwa Novemba, ongea na msimamizi wako wiki hii kabla hajasafiri.

Mama mdogo niachie mimi.

Dada yako