Kabla hujatutumia faili la protini: nani anamgusa nani, na kwa kipimo kipi?

Sisi huchambua maumbo ya protini kwa kompyuta, na kazi tunayoletewa mara nyingi kuliko nyingine yoyote ni hii: mteja ana badiliko la asidi amino moja kwenye protini anayoichunguza, na anataka kujua ni migusano ipi imevunjika. Ujumbe wake huja na picha ya rangi nyingi, protini imegeuzwa ikageuzwa mpaka imependeza, vistari vya vitone vimejaa kila kona. Msimamizi anasubiri jedwali la sura ya nne ya tasnifu.

Jedwali tunatengeneza. Ila kompyuta haijahesabu chochote bado, na tayari yapo mambo ya kuamua. Tukiyaamua vibaya, unaweza kupata namba sahihi kabisa zinazojibu swali ambalo hukuuliza.

Protini ni mnyororo wa asidi amino uliojikunja. Asidi amino ya 20 na ya 150 ziko mbalimbali ukiufuata mnyororo, lakini ukishajikunja zinaweza kuwa bega kwa bega. Kuchambua migusano ni kutafuta jozi hizo zilizokaribiana. Swali la kwanza basi ni: karibu kiasi gani? Hapa hakuna rula moja. Wanaotabiri maumbo ya protini hupima kutoka kaboni beta ya huyu (kaboni ya kwanza ya tawi lake la pembeni) hadi kaboni beta ya yule, na kila jozi iliyo chini ya angstromu 8 huhesabiwa kuwa inagusana; angstromu moja ni sehemu moja ya milioni kumi ya milimita. (Glisini haina kaboni beta, kwa hiyo hupimwa kwa kaboni alfa, ile iliyo kwenye mnyororo wenyewe.) Anayetaka kujua kinachoishikilia protini isifumuke hupima atomu yoyote isiyo haidrojeni, na kikomo chake huwa angstromu 4 hadi 5. Bondi ya haidrojeni kwa kawaida haivuki 3.5 kati ya atomu inayotoa na inayopokea, tena pembe nayo itazamwe. Ukisogeza kikomo kutoka 4 hadi 5, orodha ya migusano inavimba na protini yenyewe haijatikisika hata kidogo. Ndiyo maana mteja akituambia "nimepata migusano 312" bila kutaja kikomo, hatuna la kumjibu. Abiria waliobanana kwenye daladala si lazima wawe wanafahamiana.

Tuchukue mfano ambao wengi wetu tunao nyumbani au kwa jirani: selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyouita. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa nao. Protini inayohusika ni himoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu. Ina minyororo 4: alfa mbili za asidi amino 141 na beta mbili za asidi amino 146. Katika miaka ya 1956 na 1957, Vernon Ingram, akiwa Cambridge, alionyesha kwamba tofauti yote kati ya himoglobini ya kawaida na ya selimundu iko mahali pamoja tu kwenye mnyororo wa beta, nafasi ya 6, ambapo valini imekalia kiti cha asidi ya glutamiki.

Sasa fanya kama wanavyofanya wengi. Nenda PDB, hifadhi ya miundo ya protini iliyopimwa maabara, upakue faili namba 2HHB, himoglobini ya kawaida ya binadamu isiyo na oksijeni. Badilisha nafasi ya 6 iwe valini kwa kubofya, kisha iambie programu ikuorodheshee migusano iliyopotea. Utakachopata hakina uzito. Nafasi ya 6 iko nje kabisa, imeelekea majini, na ndani ya molekuli hakuna kikubwa kilichovunjika. Ukiandika kwa jedwali hilo, utahitimisha kwamba badiliko hili "halina athari kubwa kimuundo". Kamweleze hivyo mzazi aliyekesha wodini na mtoto anayelia mifupa.

Mgusano unaoleta ugonjwa hauko ndani ya molekuli. Uko kati ya molekuli moja na jirani yake. Fungua 2HBS, muundo wa himoglobini ya selimundu uliochapishwa mwaka 1997, na utaziona molekuli mbili zimelala ubavu kwa ubavu. Valini ya 6 ya moja imejipenyeza kwenye kishimo cha mnyororo wa beta wa mwenzake, kati ya fenilalanini ya 85 na leusini ya 88. Kishimo hicho kinapenda vitu vya asili ya mafuta. Valini inakaa humo raha mustarehe, wakati asidi ya glutamiki yenye chaji isingekubali. Kila molekuli ina valini mbili za namna hiyo, lakini kwenye mgusano huu wa ubavuni ni moja tu inayotumika. Molekuli zinashikana, zinakuwa nyuzi ndefu, na nyuzi hizo ndizo zinazoipinda chembe nyekundu ya damu. Tena hutokea himoglobini ikishaachia oksijeni, kwa sababu ikiwa nayo umbo hubadilika na kishimo hakimpokei mgeni vizuri.

Kwa hiyo badiliko hili halikuvunja mgusano, limeunda mpya. Swali la "nini kimepotea" lisingelifikia kamwe. Siku hizi mteja akituletea badiliko lililo juu ya uso wa protini, kitu cha kwanza tunachomuuliza ni protini hiyo hukaa na nani.

Mtego wa pili ni namba. Maabara za vinasaba huanza kuhesabu kwenye methionini ya mwanzo, ambayo kwenye himoglobini iliyokomaa huwa imeshakatwa, kwa hiyo nafasi ya 6 ya mafaili ya muundo kwao ni ya 7. Ukituandikia "7" bila maelezo, programu haitalalamika, maana nafasi ya 7 ya mnyororo wa beta nayo ni asidi ya glutamiki! Uchambuzi utakwenda mpaka mwisho, grafu zitatoka safi, na zote zitakuwa za asidi amino nyingine.

Kuna mtu atauliza faida ya kupekua haya yote. Atazame nafasi ya 87, jirani kabisa na kile kishimo. Mnyororo wa beta una threonini hapo. Himoglobini ya mtoto aliye tumboni haina beta, ina gama, na gama ina glutamini (si asidi ya glutamiki) mahali hapo, ambayo inauvuruga ule mgusano. Haidroksiurea wanayopewa wagonjwa hospitalini husaidia kwa sehemu kubwa kwa kuirudisha himoglobini hiyo ya utotoni. Watafiti wengine wakaiweka glutamini ya 87 kwenye jeni ya beta yenyewe, na tiba hiyo ya jeni ikaidhinishwa Marekani Desemba 2023. Bei yake imepita dola milioni 3 kwa mgonjwa mmoja, kwa hiyo kwetu bado ni ya kusoma tu.

Kuhusu AlphaFold, programu ya akili bandia inayotabiri maumbo ya protini, kwa sababu nusu ya wateja wetu huja na modeli yake. Ni chombo kikubwa. Hifadhi yake ina modeli zaidi ya milioni 200, na mwaka 2024 Demis Hassabis na John Jumper walipata nusu ya Nobel ya kemia kwa ajili yake, nusu nyingine ikaenda kwa David Baker. Lakini kila modeli hubeba alama ya uhakika hadi 100, na sehemu iliyo chini ya 70 sisi hatuhesabu migusano yake. La pili, ukibadilisha asidi amino moja ukaomba modeli mpya, kwa kawaida utarudishiwa umbo lilelile. Hata wenye hifadhi wanasema haikukusudiwa kutabiri athari za badiliko moja. Usijenge sura nzima ya tasnifu juu ya tofauti ya modeli mbili hizo.

Miundo ya maabara nayo haikubaliwi kwa macho yaliyofumbwa. Muundo uliopatikana kwa uangavu (resolution) wa angstromu 3.5, yaani picha yenye ukungu kiasi, hautoshi kukuruhusu uapie bondi ya haidrojeni ya 2.9.

Wengine huomba mwigo wa mwendo wa protini kwa GROMACS, programu ya kuigiza molekuli zikitembea, ili wajue mgusano unadumu kwa asilimia ngapi ya muda. Tunaufanya, lakini ndiyo kazi ghali kuliko zote kwetu, na mara nyingi tunamshauri mteja aanze na muundo uliotulia. Kama swali limejibika hapo, hela yake ibaki mfukoni.

Ukiwa tayari, tutumie namba ya muundo kwenye hifadhi ya PDB au faili lenyewe, mfuatano wa asidi amino ulioutumia maabara, badiliko pamoja na mfumo wa kuhesabu namba, na sentensi moja inayosema protini hufanya kazi ikiwa peke yake au na wenzake. Tutakurudishia jedwali la migusano kwa vikomo viwili tofauti, picha za kuchapisha, na msimbo wa Python tulioutumia, ili msimamizi wako aweze kuurudia mwenyewe. Kazi ya muundo mmoja tunaitoza bei moja, hata migusano iwe mingi vipi. Protini zenye wenza wengi tunakubaliana kwanza kwa simu.