Mheshimiwa Waziri, sola ije na betri yake

Kwa Waziri wa Maji, Nishati na Madini, Zanzibar.

Assalamu alaykum. Nakuandikia kuhusu betri, kwa sababu paneli za sola zina wasemaji wengi na betri hazina.

Unguja inaishi kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Mei 2008 njia hiyo iliharibika tukakaa gizani karibu mwezi mzima. Desemba 2009 ikaharibika tena, na umeme haukurudi mpaka Machi 2010. Wengi wanakumbuka giza, mimi nakumbuka maji: pampu za visima zilisimama, madumu yakapangwa foleni tangu alfajiri. Waya mpya wa megawati 100 ulikuja mwaka 2013, alhamdulillahi, lakini tegemeo letu bado ni Bara.

Sola peke yake haitatutoa hapo. Jua huwaka sana saa sita mchana, nasi tunawasha kila kitu baada ya Magharibi. Wingu zito la masika likifunika paneli, umeme unaporomoka kwa dakika chache tu. Na kubwa zaidi: inveta za kawaida, yaani vifaa vinavyogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika majumbani, hufuata umeme wa gridi, yaani mtandao mkuu wa umeme. Waya wa baharini ukikatika, zinajizima zenyewe hata jua likiwa utosini. Tutakosa umeme mchana kweupe, na paneli tunazo.

Ndiyo maana naomba kila mkataba wa sola uwe na betri, na inveta zinazoweza kuanzisha na kushikilia zenyewe volti na mapigo ya umeme wetu (hezi 50, yaani mara 50 kwa sekunde) bila kusubiri Bara.

Kisha kuna suala la nani anaishika betri hiyo. Mwekezaji anayelipwa kwa kila yuniti atataka kuimaliza yote kila usiku, na simlaumu. Mkataba ndio useme kwamba sehemu fulani haiguswi, imewekwa kwa ajili ya hospitali ya Mnazi Mmoja na pampu za maji siku waya ukikatika, na mwekezaji alipwe kwa kuitunza ikiwa imejaa. Australia Kusini ilizimika jimbo zima Septemba 2016. Mwaka uliofuata ilipojengwa betri ya Hornsdale yenye megawati 100, serikali ya jimbo ilijitengea megawati 70 kwa usalama wa gridi.

Naomba kifungu kama hicho kiandikwe katika mikataba yetu, na wananchi tukisome kabla haijasainiwa.

Wako,
Mtumiaji wa umeme, Unguja