Harambee: Tuwapatie Akina Baba Wapya Mshauri na Mlango Unaofungika

Wapendwa washirika, majirani na marafiki wa kanisa letu hapa Changamwe,

Bwana asifiwe. Ni juzi tu mlipotoa mabati ya jikoni, na kuwarudia mapema hivi tunaona haya. Lakini jambo hili haliwezi kungoja mwaka ujao.

Tangu mwaka jana mshauri nasaha amekuwa akikutana na akina baba waliopata mtoto karibuni, wale ambao mtoto alipokuja, huzuni, wasiwasi na hasira za ghafla vilikuja naye. Wanakutana katika stoo ya kwaya, katikati ya ngoma na majoho. Mlango ni pazia. Mwezi uliopita kijana mmoja wa bodaboda, mwanawe ana miezi minne, ndiyo kwanza alikuwa anaeleza kwa nini halali tena nyumbani kwake. Wanakwaya wakaingia kuchukua kayamba. Akanyamaza, akachukua helmeti yake, akaondoka. Wazee wawili walimfuata hadi stejini, na haikuwa rahisi kumrudisha. (Ameturuhusu kusimulia haya bila jina lake.)

Hayuko peke yake, wala si mwanamume dhaifu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliojumlisha matokeo kutoka nchi mbalimbali, ulikadiria kwamba baba 1 hivi kati ya 10 hupatwa na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, kati ya ujauzito na mwaka wa kwanza wa mtoto, hasa mtoto akiwa na miezi 3 hadi 6. Wakati huo wageni wameshaondoka, deni la hospitali bado lipo, na kila mtu anadhani baba ameshazoea. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mwajiriwa likizo ya wiki 2 yenye malipo. Wa bodaboda na kibarua wa mjengo hawana hata siku moja. Wengine huishia kwenye mnazi na muguka, nasi tukawaita walevi.

Nabii Elia naye alilala chini ya mretemu akiomba afe. Mungu hakumkemea. Alimwacha alale, akampa mkate na maji, kisha malaika akaja tena mara ya pili.

Mshauri mwenye leseni, vikao 5 kwa kila baba, akina baba 24, shilingi 2,000 kwa kikao: 240,000. Ukuta, mlango, kitasa na viti: 85,000. Jumla 325,000. Tunazo 71,400, nyingi zikiwa zimetoka kwa wake wa hao akina baba, na hao ndio waliotuletea habari hii kwanza. Zimebaki 253,600.

Ndugu wanaume, tunawaomba ninyi hasa. Kukiwa na mazishi, karatasi ya michango hujaa jioni moja. Hii ya sasa ina majina yenu machache mno, na anayeombewa yuko hai.

Tukutane Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, baada ya ibada ya pili. Namba ya M-Pesa ya kanisa mtaipata kwa mweka hazina. Walioko Nairobi na Ghuba wapitishe michango yao kwa jamaa zao. Michango itasomwa kanisani na hesabu kubandikwa ubaoni na risiti zake. Majina ya wanaopata ushauri hayatasomwa popote.

Na kama wewe mwenyewe ndiye unayeumia, usingoje harambee. Mwone mchungaji au mzee yeyote wiki hii.

Mungu awabariki,
Kamati ya Harambee, Ushirika wa Akina Baba